Chupa ya klorini ya Mama Zawadi, na maneno niliyoyatafsiri mimi

Wakuu, nawasalimu wote. Wakubwa, shikamooni.

Mimi humu ni msomaji tu. Huwa nasoma nyuzi zenu kwenye treni nikienda kazini, nacheka peke yangu, kisha natoka bila kuacha neno. Kuongea mbele za watu kunanitoa jasho, hata kwa maandishi. Leo nimeamua kuandika kwa sababu jambo hili nimelibeba kifuani na halitaki kushuka.

Siongezi chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha, maana wahusika wapo na wana ndugu zao humu.

Shule yangu ni ya msingi tu, niliisomea kambini Kigoma, na naandika taratibu. Mkiona nimenyamaza katikati, msinishambulie. Natafuta neno.

Twende.

Naishi St Marys, hapa Sydney upande wa magharibi, kwa mama yangu mdogo. Nafanya usafi kwenye nyumba moja ya wazee karibu na Penrith, hizi wanazoita aged care. Mzee akishindwa kujihudumia nyumbani analetwa pale. Anapewa chumba chake na choo chake, na manesi wapo muda wote.

Kabla ya kazi hii nilidhani usafi ni usafi. Ndoo, maji, sabuni, dekio, basi.

Kumbe ni elimu.

Aliyenifundisha hasa ni nesi mmoja Mkenya, Sister Njeri. Yale mafunzo ya Kiingereza yalinipita juu ya kichwa, akayarudia kwa Kiswahili huku anakunywa chai. Ana mdomo dada yule! Siku ya kwanza aliniambia, "Wewe kijana, mbona kila ukiongea ni kama unaomba msamaha? Umekosea nani?"

Niwaeleze kidogo hizo dawa, maana bila hapo hamtaelewa kilichotokea.

Ya kila siku ni dawa ya rangi ya waridi ambayo haina harufu ya maana. Tunafutia meza, vitasa, reli za kitanda. Sharti lake ni kwamba ukishaipaka, uiache ibaki mbichi mpaka muda ulioandikwa kwenye chupa uishe. Ukipaka na kukausha papo hapo, umefanya mapambo.

Kuna jeli ya spiriti ya mikono, iko ukutani kila mlango. Ni ya haraka. Lakini mkono ukiwa na uchafu haifui dafu, na ule ugonjwa wa kutapika na kuhara unaopenda nyumba za wazee hauiogopi sana. Ugonjwa ule unataka maji na sabuni mikononi, na klorini sakafuni na chooni.

Kuna vitambaa vilivyolowa dawa inayoitwa peroksaidi, hivyo ni vya vyumba vya wagonjwa waliotengwa. Sister Njeri anasema hospitalini kuna nyingine kali zaidi, za kulowekea vifaa vya madaktari visivyoweza kuchemshwa. Hizo sijawahi kuziona.

Halafu kuna klorini yenyewe, ambayo kwetu tunaita jiki. Pale kazini inafungiwa kabatini. Inatolewa kukiwa na mlipuko wa ugonjwa, na inachanganywa upya kila siku kwa sababu ikilala inapungua nguvu.

Ya mwisho ni dawa ya kutoa ukoko chooni. Hiyo ni asidi. Unamimina ndani ya bakuli la choo, unaiacha ikae ilainishe ukoko, unakwenda kufanya kazi nyingine, unarudi kusugua.

Asidi na klorini hazikutanishwi. Zikikutana zinatoa gesi inayokaba. Kule stoo kuna bango lenye picha ya kuonyesha hivyo, hata asiyejua kusoma anaelewa.

Lakini bango liko stoo.

Sasa niwatambulishe wenye habari.

Kulikuwa na mzee Mkongo pale, Papa Zawadi. Alikuwa ameanza kupoteza kumbukumbu. Kiingereza chake kidogo alichojifunza kilitoka chote, Kifaransa kikafuata, akabaki na Kiswahili na lugha ya kwao. Kifua chake nacho kilikuwa kibovu tangu zamani.

Mke wake, Mama Zawadi, alikuwa anatoka Rooty Hill kila siku, treni halafu basi, kuja kumlisha. Papa hakula kwa mkono wa mtu mwingine. Manesi walijaribu, akawa anafunga mdomo kama mtoto. Akija mkewe, anafungua kabla hata kijiko hakijafika.

Kwa hiyo mjue tangu hapa, yule mama kuingia chumba kile ndiko kulikokuwa chakula cha yule mzee.

Mama Zawadi hakuniamini mwanzoni. Mimi nilimwamini siku ya kwanza tu, kwa sababu ya vile alivyoniita.

"Mutoto yangu," akasema, "hii munapanguzia chumba ya bwana yangu ni nini?"

"Ni dawa, mama."

Akachukua kitambaa mkononi mwangu, akakinusa.

"Dawa aiko na harufu? Hii ni maji ya maua."

"Inaua vijidudu, mama. Wameipima."

"Nani aliipima? Wewe?"

Nikacheka kwa aibu. Naye akacheka. Halafu akaacha kucheka, akaniambia anatoka upande wa Beni, mashariki mwa Kongo, na alikuwepo wakati wa Ebola.

"Kwetu kila mulango ilikuwa na ndoo ya klorini. Kanisa, soko, masomo. Mulango aiko na ndoo, hauingie. Wenye waliingia, tuliwazika. Na kuwazika kwenyewe, si sisi tuliwagusa."

Mimi mwenyewe nilikulia kambini, na kipindupindu kilipokuja tulikuwa tunanawa maji yale asubuhi kabla ya kuingia darasani. Nikisikia harufu ya klorini mpaka leo najisikia niko salama. Wazungu wakiisikia wanakunja pua, sisi tunavuta pumzi.

Basi nikimaliza chumba cha Papa, Mama Zawadi alikuwa anatoa kitambaa chake kwenye mkoba na kupangusa upya. Meza, kitanda, kitasa. Kwake, mke hawezi kukaa amekunja mikono huku chumba cha mumewe kinasafishwa na kampuni. Mimi nilimwelewa. Hata mama yangu mdogo hakubali mtu amfulie mumewe shati.

Nilidhani kitambaa kile kina maji tu.

(Kuna mkuu ameuliza hapo chini, ina maana hukunusa? Mkuu, yule mama alinukia jiki siku zote, hata ukikaa naye benchi moja kanisani. Vitenge vyake vilikuwa vimepauka kwenye mikono. Ungenusa nini tena?)

Sasa siku yenyewe.

Upande wa pili wa jengo wazee wawili watatu walianza kutapika. Pakabandikwa tangazo mlangoni, wafanyakazi tukavaa barakoa na aproni, na wageni wakazuiwa. Mama Zawadi alizuiwa naye. Sister Njeri akaenda kumpigania kwa meneja. "Huyu mzee asipokula leo, kesho utaniambia nimfanyie nini?" Meneja akakubali. Mama akapewa barakoa, akaingia.

Wakuu, hebu jiwekeni mahali pake. Mtu aliyetoka kule, anafika mlangoni anakuta tangazo, watu wamevaa hivyo, na hakuna ndoo ya klorini.

Mimi asubuhi ile nilikuwa nimefika chumbani kwa Papa kabla yake. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Nikamimina dawa ya ukoko chooni, nikafunga kifuniko, nikaenda chumba cha jirani wakati inakaa.

Nikiwa huko nikasikia kikohozi.

Mwanzoni kimoja. Kikafuata cha pili, cha sauti ya kike. Halafu harufu ikanifikia. Safari hii haikunifanya nijisikie salama. Ilinichoma machoni.

Nilikimbia. Papa alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, karibu kabisa na mlango wa choo, amefumba macho, mabega yanapanda na kushuka. Nikamvuta kinyumenyume mpaka kwenye korido. Nikapiga kelele kumwita Sister Njeri, mimi ambaye sijawahi kupiga kelele hata mpirani.

Nikarudi. Madirisha ya pale hayafunguki zaidi ya upana wa kiganja, wameyawekea kizuizi wazee wasitoke. Nikafungua hivyohivyo.

Mama Zawadi alikuwa amepiga magoti chooni. Chupa ya juisi iko pembeni, tupu. Alikuwa amemimina klorini sakafuni na ndani ya choo, juu ya asidi yangu.

Anakohoa, machozi yanatiririka, na bado anasugua.

"Mama, toka!"

"Acha nimalize! Ugonjwa iko hapa!"

Sister Njeri akaingia kama upepo, akamshika kwapani. "Mama, toka sasa hivi! Utakufa uache huyu mzee na nani?"

Maneno hayo ndiyo yaliyomwinua.

Gari la wagonjwa likaja. Mama alipewa hewa, akaruhusiwa jioni ileile. Papa alilazwa. Aliporudi alirudi na mrija wa oksijeni puani, na sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo.

Hapo katikati ndipo palipo na jambo langu.

Meneja alimwita Mama Zawadi ofisini. Wakampigia mkalimani wa simu, lakini simu ikawa inakatika kila baada ya sentensi. Meneja akachoka, akanifuata kwenye korido nikiwa na dekio mkononi. Akaniomba nisaidie kidogo.

Mama Zawadi aliponiona naingia, uso wake ulilegea. Ni kama mtu aliyeona ndugu yake amefika kituo cha polisi.

Meneja hakuwa mtu mbaya, naomba mlielewe hilo. Aliuliza kwa upole. Aliuliza chupa ilitoka wapi. Mama akasema nyumbani. Aliuliza kama alijua ni hatari. Mama akasema klorini si hatari, hatari ni ugonjwa. Nikatafsiri.

Halafu akauliza, "Mwulize kama ilikuwa mara ya kwanza."

Nikamwuliza.

Mama Zawadi akakaa vizuri kwenye kiti. Akajibu kwa fahari kabisa.

"Mara ya kwanza? Ambia huyu mama, tangu bwana yangu alifika hapa, kila siku niko naosha chumba yake na klorini. Kila siku. Juu ya hiyo hajagonjwa. Ni mimi nilimulinda. Dawa yao ni maji ya maua."

Wakuu, pale nilijua. Nilijua nikisema "kila siku" mlango unafungwa. Nilijua pia kwamba ningeweza kusema, "Anasema anasikitika, hatarudia." Ni maneno machache. Kiingereza cha kusema hayo nilikuwa nacho kabisa.

Lakini kwenye mafunzo walituambia, ukiulizwa juu ya usalama sema ukweli. Na kwetu nyumbani tulifundishwa hivyohivyo. Na Papa alikuwa hospitalini bado, anavuta hewa kwa mrija.

Nikatafsiri yote. Kila siku, na maji ya maua pia.

Meneja akaandika. Akasema Mama Zawadi asije kwanza, mpaka watakapoangalia usalama. Nikamtafsiria na hilo.

Mama akanigeukia.

"Ulisema nini?"

"Nilisema ulichosema, mama."

"Yote?"

"Yote."

Akaniangalia muda mrefu. Hakupandisha sauti.

"Wewe uko mutoto ya nani?"

Mnajua swali hilo lilivyo kwetu. Haulizwi hivyo mtu aliyefanya jema.

Papa aliporudi kutoka hospitali, mkewe alikuwa bado haruhusiwi kuingia. Akafunga mdomo. Sister Njeri akajaribu, akambembeleza, akamtania, "Papa, hata mimi ni mrembo, kula basi." Wapi. Bintiye Zawadi anaishi Perth, alipiga simu ya video akamsihi. Papa akaitazama simu kama picha ukutani.

Mimi nikimaliza shifti nilikuwa nabaki naye na bakuli la uji. Aliniuliza jambo moja tu kila nilipokaa.

"Mama Zawadi iko wapi?"

"Anakuja, Papa."

Akawa anageuza uso.

Nikaona huyu mzee atatufia kwa njaa katikati ya jiko lililojaa. Kwenye treni nikaanza kufanya mazoezi ya Kiingereza kimoyomoyo. Kisha nikaenda mwenyewe ofisini kwa meneja, bila kuitwa, kitu ambacho sijawahi kufanya maishani. Nikamwambia mama aje, mkoba auache mapokezi, mimi nitakaa chumbani muda wote, baada ya kazi, silipwi, naangalia tu.

Akasema atafikiria. Sister Njeri naye akaingia kusukuma. Mwishowe wakakubali.

Mama Zawadi akarudi. Alikuwa amekonda. Alinipita mlangoni kama anapita nguzo.

Papa akafungua mdomo kabla kijiko hakijafika.

Kwa muda wote ule hakuniongelesha. Akitaka kitu alipitishia kwa mumewe, na Papa hajui hata kinachoendelea.

"Papa Zawadi, ambia ule polisi asogeze kiti."

Nasogeza.

"Papa Zawadi, ambia polisi maji imeisha."

Naleta.

Papa akawa anatikisa kichwa tu, amefurahi kuwa katikati ya mazungumzo. Kuna siku nilitamani kucheka na kuna siku nilitamani kulia. Niliwahi kujaribu kumweleza habari ya asidi, kwamba klorini yake haikuwa na kosa, kosa ni kilichokuwa chini yake. Akasema, "Papa Zawadi, kuna mutu anaongea?"

Nikakusanya vyombo.

Baridi ilipoingia kifua cha Papa kikajaa. Akapelekwa hospitali tena, na safari hii hakurudi. Daktari aliandika uzee na maambukizi ya mapafu. Klorini hakuitaja mtu yeyote. Mimi pia sikuuliza. Niliogopa jibu.

Matanga yalikuwa kwao Rooty Hill. Wanaume tulikaa gereji na uani, kina mama ndani. Nilikuwa napanga viti ili nisiwe na cha kusema kwa mtu. Binti yao Zawadi akaja akanigusa bega. "Mama anakuita."

Niliingia nikiwa nimeinamisha kichwa. Mama Zawadi alikuwa amekaa kwenye godoro chini, amezungukwa na wenzake. Akawaomba wasogee. Akagonga godoro kwa kiganja, nikae.

Nikakaa.

"Wewe ni ule mwenye kusemaga yote," akaniambia, na mara ya kwanza baada ya miezi alikuwa ananitazama mimi. "Basi niambie. Ni klorini yangu ilimuua?"

Wakuu, sijui. Mpaka leo naandika hapa sijui. Kifua kilikuwa kibovu tangu zamani. Lakini kabla ya siku ile alikuwa anaimba wimbo wa kanisa mpaka mwisho, na baada ya siku ile alikuwa hafiki ubeti wa pili.

Nikasema, "Hapana, mama. Siyo klorini. Ni uzee."

Akanishika mkono. Kiganja chake kilikuwa kikavu na kigumu, kimeliwa na dawa ya miaka mingi. Akanishika hivyo mpaka wenzake wakaanza kurudi.

Halafu akasema taratibu, "Siku ile ofisini ungejibu hivi hivi."

Akaniachia. Nikatoka, nikaendelea na viti.

Ndiyo hivyo wakuu.

Nilichojifunza nitakisema kwa ufupi. Klorini usiichanganye na dawa ya choo, wala siki, wala ndimu, wala amonia, hata kama bibi yako alifanya hivyo kutoa madoa. Usiihifadhi kwenye chupa ya juisi. Harufu siyo dawa, na dawa isiyo na harufu siyo maji. Ukiwa na mzazi au mgonjwa kwenye nyumba hizi, omba mtu akueleze kwa lugha yako kila kinachomwagwa chumbani kwake, na wewe waambie unachoamini. Sisi pale kila mtu alikuwa anafanya usafi kwa moyo safi, na hakuna aliyemwambia mwenzake.

Ningekaa na yule mama siku ile ya kwanza nikamwonyesha chupa moja moja, badala ya kucheka kwa aibu. Hilo linaniuma.

Lakini linaloniuma zaidi sijui niliweke wapi. Humu mna wakalimani, manesi, watu waliokaa ughaibuni miaka mingi, na wengine mmewahi kuwa mdomo wa wazazi wenu mbele ya wakubwa. Nawauliza kwa heshima. Pale ofisini, mama anakutazama kama mwanawe, meneja ameshika kalamu anasubiri, wewe ungesema nini?

Hata matusi nitayapokea. Nitasoma yote, ila kujibu nitachelewa. Mnajua ninavyoandika.